MASHINE YA KUPASULIA MBAO: TUIUZE AU TUITENGENEZE?

(Mazungumzo ya Katibu kwa wanachama wa ushirika, karakanani. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo.)

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Haya tuliyoyasema Jumamosi tumeyaandika hapa ukutani ili na waliokuwa shambani wayapate. Asiyeona vizuri asomewe na mwenzake. Wenzetu wa darasa la jioni wasome polepole, na neno gumu walipigie mstari kwa mkaa. Tutalieleza darasani.

Jambo lenyewe ni ile mashine yetu ya msumeno wa mkanda. Mnaijua wenyewe. Ina magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na utepe wa chuma wenye meno unazunguka juu yake kama kamba ya kisimani. Mota inazungusha gurudumu la chini, msumeno unashuka katikati ya meza, na ubao unakatwa hapo.

Katika mkutano uliopita yalitoka maneno matatu. Wa kwanza walisema iuzwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwa kuwa haikati sawa. Wa pili walisema tukope, tununue mpya. Wa tatu walisema itengenezwe. Mkutano ukatoa mwezi mmoja fundi wetu na vijana wawili waiangalie, kisha taarifa iletwe. Taarifa ndiyo hii, na mkutano ujao tutapiga kura. Basi kila mmoja aje akijua anachokipigia kura.

KWANZA: KWA NINI TUNAIHITAJI

Msumeno wa duara tunaouona mjini unakata upesi, lakini unakula mbao nyingi. Meno yake yana unene. Kila unapopita unageuza ubao kuwa unga. Msumeno wa mkanda ni mwembamba, unga wake ni mchache.

Hebu tufanye hesabu, ile ile ya darasani. Tuna kipande cha mti chenye unene wa milimita 100. Tunataka mbao za milimita 12 za kutengenezea mizinga ya nyuki. Tuseme msumeno wa duara unakula milimita 4 kila mkato. Mbao 6 zinachukua milimita 72, na mikato 5 katikati yake inachukua 20. Jumla 92. Ya saba haitoki. Sasa tuseme msumeno wa mkanda unakula milimita 1 na nusu. Mbao 7 zinachukua 84, mikato 6 inachukua 9. Jumla 93. Ya saba imetoka, na kipande kidogo kimebaki.

Ubao mmoja katika kila kipande, ndugu. Msindano au mkaratusi unachukua miaka kukua, na sisi tunamwaga ubao wa saba sakafuni ukiwa unga. Ndiyo maana tunasema mashine hii si ya kuuzwa kwa kilo.

PILI: UGONJWA WAKE NI NINI

Malalamiko yalikuwa manne. Msumeno unaruka kutoka kwenye gurudumu. Mkato unakwenda upande. Mbao zinaungua na kutoa moshi. Mashine inagonga kama mtu anabisha hodi.

Tuliuliza fundi: je, fremu imepinda? Hapana. Mota imekufa? Hapana. Ekseli zimelika? Hapana. Kumbe mifupa ni mizima, iliyochoka ni viatu na kofia. Mpira wa juu ya magurudumu ulikuwa umekatika vipande. Miongozo ya msumeno, yaani vile vipande vinavyoukaa kushoto na kulia usipepesuke, ilikuwa imelika hadi imekuwa na tundu. Tundu la mezani lilikuwa pana, vipande vidogo vinazama humo na kukwama. Na utomvu wa msindano ulikuwa umegandamana na unga juu ya gurudumu mpaka ukawa kama matuta ya viazi.

Mgonjwa wa namna hiyo hazikwi. Huogeshwa, akavalishwa.

TATU: MAMBO SABA YALIYOFANYWA

Yote saba yamefanywa kwa vitu vilivyokuwa hapa hapa kijijini. Tutayaeleza moja moja, maana karakana nyingine jirani nazo zina mashine kama hii, na elimu haiishi kwa kugawiwa.

1. Mpira wa magurudumu. Gurudumu letu lina kipenyo cha sentimita 36. Fundi alitafuta tyubu kuukuu ya baiskeli ya mtoto, ya inchi 16. Aliikata kwa mkasi, akachukua upande wa nje usio na valvu, akapata pete nzima isiyo na kiungo. Pete hiyo ni ndogo kuliko gurudumu, kwa hiyo inavutwa na kujikaza yenyewe. Kwa nini isiwe na kiungo? Kwa sababu kiungo ni tuta, na msumeno ukipita juu ya tuta unagonga kila mzunguko. Ule ubishaji hodi ulitoka hapo. Gurudumu lilisuguliwa kwanza likawa safi, mpira ukavalishwa, kisha likazungushwa kwa mkono huku msasa uliobandikwa kwenye kijiti ukigusa polepole, mpaka mpira ukawa sawa pande zote. Gurudumu limeinuka kidogo katikati, na mwinuko huo ndio unaoushika msumeno usiruke. Basi msasa usiufute.

2. Miongozo ya mpingo. Miongozo ya chuma ikilika hukwaruza msumeno, na ikigusa meno huyaua. Fundi alichukua vipande vya mpingo vilivyobaki kwa mchonga vinyago, akavikata kwa kipimo cha vile vya zamani. Mpingo ni mti mgumu na mzito, hata majini huzama. Unavumilia msuguano, na msumeno ukiugusa meno hayafi. Vipande vilichovywa katika mafuta ya mashine siku mbili, vikafutwa, vikafungwa. Nafasi kati ya mwongozo na msumeno ni unene wa karatasi moja ya daftari. Karatasi ipite, lakini isilegee. Na mwongozo ukae nyuma ya mashimo ya meno, usifike kwenye meno yenyewe. Beringi ya mgongoni nayo isiguse msumeno unapozunguka bure. Igusane nao pale tu ubao unaposukumwa. Mpingo ukilika, toa, uparuze kwa tupa, rudisha.

3. Brashi ya gurudumu la chini. Nusu ya brashi ya kufulia, imefungwa kwa bolti moja ndani ya mlango wa chini, nywele zake zinagusa mpira. Gurudumu likizunguka linajisafisha lenyewe. Utomvu haupati nafasi ya kuganda. Angalizo: msumeno wenye utomvu hutolewa nje ukafutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukakaushwa kabisa kabla ya kurudi. Lakini mafuta ya taa yasiguse mpira wa gurudumu, yanauharibu. Mpira unakwanguliwa kwa kijiti tu.

4. Kiziba cha meza. Lile tundu pana limezibwa kwa kipande cha ubao mgumu kilichokaa sawasawa na uso wa meza. Msumeno wenyewe ndio uliokikata njia yake, kwa hiyo pengo ni unene wa msumeno basi. Sasa vipande vidogo havizami, na ubao hautoki na manyoya chini. Kiziba kikichoka, kingine kinakatwa kwa nusu saa.

5. Ubao wa kuongozea. Hapa ndipo wengi walipokuwa wanaisingizia mashine. Kila msumeno una upande anaoupenda kwenda, kama punda. Ukimlazimisha anakataa. Basi dawa ni hii. Chukua ubao mnyoofu, chora mstari sambamba na ukingo wake. Kata kwa mkono bila kiongozi, ukifuata mstari huo. Ukifika katikati, zima mashine, na usiusogeze ubao. Chora juu ya meza, kando ya ukingo wa ubao. Mstari huo wa mezani ndio njia ya msumeno wako. Funga ubao wa kuongozea kwa jiliwa mbili ukifuata mstari huo, hata kama umekaa mshazari kwa macho yako. Sisi tulipofanya hivyo mkato ulinyooka siku hiyo hiyo. Msumeno ukibadilishwa, kipimo kinarudiwa.

6. Kitanda cha gogo. Gogo la mviringo halikatwi likiwa juu ya meza peke yake. Meno yakiligusa linabiringika, linavuta mkono, na msumeno unapinda au kukatika. Vijana walitengeneza kitanda cha mbao chenye mfereji, gogo linalazwa humo na kukazwa kwa skrubu mbili mwishoni, mahali ambapo msumeno haufiki. Kitanda chote ndicho kinachosukumwa. Mkono uko mbali.

7. Jiwe la mgongoni. Msumeno mpya una kona kali nyuma yake. Kona hizo hukwama kwenye mkato wa kupinda, na nyufa huweza kuanzia hapo. Fundi husimama kando, amevaa miwani, mashine inazunguka, na jiwe la kunolea linagusa kona hizo pole pole, kushoto kisha kulia, mpaka mgongo unakuwa wa mviringo. Hapa cheche hutoka. Kwa hiyo kwanza unga wote unafagiliwa na kutolewa ndani ya mashine, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Kazi hii ni ya fundi peke yake.

Hayo ndiyo saba. Baada yake majaribio yalifanyika kwa mbao za msindano na kipande kimoja cha mkaratusi. Msumeno haukuruka hata mara moja. Kugonga kumeisha. Moshi umeisha, baada ya msumeno uliokuwa butu kutolewa na wenye meno makali kuwekwa. Zile mbao 7 badala ya 6 zimepatikana, zimepangwa pale mlangoni, kila mtu azipime mwenyewe kwa rula. Yasiwezekane tuyaseme pia: mashine hii haipasui kipande kirefu kuliko sentimita 15 chini ya mwongozo wa juu. Magogo makubwa yataendelea kupasuliwa kwa msumeno wa watu wawili kwanza, ndipo yaletwe hapa.

NNE: VISIVYOGUSWA KWA MPIRA NA KIJITI

Sasa ndugu, tusikilizane vizuri. Baada ya kuona tyubu ya baiskeli imefanya kazi, vijana wetu wamepata moyo. Hilo ni jema. Lakini tumeanza kusikia maneno: "Hata swichi tutaunganisha wenyewe. Hata msumeno ukikatika tutauchomea kwa mwenye kuchomelea mageti." Hapo tunasema hapana, na sababu tutaitoa.

Wazee walisema rahisi ni ghali. Sisi hatukubali kwamba kila rahisi ni ghali, maana mpingo ule haukutugharimu kitu na unafanya kazi kuliko chuma. Kipimo chetu ni hiki: kitu cha kujitengenezea kiwekwe mahali ambapo kikiharibika kinaharibu ubao. Mahali ambapo kikiharibika kinaharibu mtu, pale tununue.

Mpira wa gurudumu ukipasuka, tunapoteza mkato. Mwongozo ukilika, tunapoteza ubao. Lakini swichi ikikataa kuzima, tunapoteza mkono. Waya ukichubuka, tunapoteza mtu. Hivyo si vitu vya aina moja, ingawa vyote viko kwenye mashine moja.

Kwa hiyo vifuatavyo haviguswi kwa ubunifu wa karakana:

Kwanza, swichi na waya. Wakati wa majaribio swichi yetu ilikuwa ile ya ukutani, hatua nne kutoka mashine. Ilibidi mtu mmoja asimame pale muda wote, mkono juu yake, macho kwa fundi. Mashine ya kazi haiendeshwi hivyo. Inatakiwa swichi mbele ya mpasuaji, yenye kitufe kikubwa chekundu cha kuzima, hata kwa goti aweze kukigusa. Iwe ya aina ambayo umeme ukikatika na kurudi, mashine haiwaki yenyewe. Na waya wa ardhini ufungwe na fundi umeme mwenye leseni.

Pili, kiungo cha msumeno. Utepe huu haukuzaliwa mviringo, umeunganishwa. Wazo la msumeno wa namna hii lilikuwepo Uingereza zaidi ya miaka 200 iliyopita, lakini kwa miaka mingi halikufaa kitu, kwa sababu misumeno ya siku zile haikuwa ya kudumu. Mwaka 1846 mwanamke mmoja wa Ufaransa, Anne Paulin Crepin, aliomba hati ya uvumbuzi wa namna ya kuuchomelea, kisha akaiuza kwa kampuni ya Perin ya Paris. Akina mama sikieni hilo. Kiungo kile ndicho kilichoifanya mashine hii kuwa mashine. Si kazi ya kuchomelea mageti. Kiungo kigumu mno hukatika, kilaini mno huvutika. Msumeno uliokatika unapelekwa mjini kwa mwenye mashine ya kazi hiyo, au unanunuliwa mwingine.

Tatu, vifuniko. Katika karakana moja tuliyoitembelea tulikuta milango ya magurudumu imetolewa "ili tuone vizuri", na kijana mmoja ana vidole vitatu na nusu mkono wa kushoto. Hakuna aliyetuambia zaidi, na hatukuuliza. Kwetu milango itafungwa kwa komeo. Kifuniko cha juu kinashushwa mpaka kibaki upana wa kidole kimoja juu ya ubao. Meno yasiyokata ubao yasionekane.

Nne, mwendo. Hili nalo ni hesabu. Mota yetu inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Puli yake ina sentimita 6, puli ya mashine ina 12. Kwa hiyo gurudumu linazunguka nusu yake, mara 725. Mzunguko mmoja wa gurudumu la sentimita 36 ni sentimita 113. Zidisha: msumeno unakwenda karibu mita 820 kwa dakika. Kwa mbao, huo ni mwendo wa kufaa. Sasa akitokea mwerevu akazibadilisha puli, kubwa akaiweka kwenye mota, gurudumu litazunguka mara 2,900, na msumeno utakwenda zaidi ya mita 3,200 kwa dakika. Huko si kupasua mbao tena, huko ni kucheza na bunduki. Puli zisiguswe.

TANO: UNGA WA MBAO NA MAPAFU YETU

Kuna wanaosema unga wa mbao ni vumbi tu, sisi tumezaliwa katika vumbi. Si hivyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitoa kitabu mwaka 1995 likiuweka unga wa mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Mtu hashikwi leo wala kesho. Ni kazi ya miaka.

Basi gunia limefungwa kwenye mdomo wa chini wa mashine, unga mwingi unaingia humo. Madirisha yafunguliwe. Mpasuaji avae kitambaa safi kilichokunjwa mara tatu, na tukiweza tununue barakoa za vumbi, ambazo ni bora kuliko kitambaa. Sakafu inyunyizwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, lakini mbali na mota. Watoto wasichezee lundo la unga. Akina mama wanaoutaka kwa ajili ya majiko ya unga wa mbao watapimiwa nje, Jumamosi, mashine ikiwa imezimwa.

SITA: DESTURI ZA KILA SIKU

Haya yataandikwa kwa herufi kubwa ukutani juu ya mashine, na wa darasa la jioni ndio watakaoyaandika:

Asubuhi, kabla ya umeme, zungusha gurudumu kwa mkono mara moja. Angalia ufa, angalia jino lililovunjika.
Jaribu mkazo. Inua mwongozo sentimita 15, sukuma ubavu wa msumeno kwa kidole, mashine imezimwa. Ukisogea kama nusu sentimita na zaidi kidogo, inatosha. Ukiyumba kama kamba ya kuanikia nguo, kaza.
Meno matatu au zaidi yawe ndani ya ubao wakati wote. Kipande kinene kinataka meno makubwa yaliyoachana, kipande chembamba kinataka meno madogo ya karibu karibu.
Mwisho wa mkato sukuma kwa kijiti. Kidole kisikae kwenye mstari wa msumeno hata ukiwa na haraka ya msiba.
Mikono mirefu ya shati ikunjwe. Glovu zisivaliwe. Kanga na mitandio ibaki nje ya mlango.
Msumeno ukikatika, zima, simama mbali, ngoja gurudumu lisimame lenyewe. Usifungue mlango kabla.
Jioni legeza mkazo, msumeno ulale. Usipolegezwa, mpira unabonyea na springi inachoka.

SABA: TUNAPENDEKEZA NINI

Ndugu wanachama, sasa kura.

Tunapendekeza mashine isiuzwe. Imeonekana inaweza kazi.

Tunapendekeza tusikope mwaka huu. Mkopo wa mashine mpya ungelipwa na mbao ambazo bado hatujazipasua, na mpya nayo ingetaka swichi, vifuniko na misumeno ya akiba kama hii.

Tunapendekeza fedha zile zilizotengwa kupaka rangi ofisi ya ushirika zinunue swichi, waya, malipo ya fundi umeme, na misumeno miwili ya akiba. Tunajua hili litawauma wengine. Ofisi imechakaa, na wageni wanaiona. Lakini ukuta usiopakwa rangi haujamkata mtu kidole.

Na tunapendekeza jambo gumu kuliko yote: mpaka swichi ifungwe, mashine isipasue ubao hata mmoja. Majaribio yamekwisha, basi. Tunajua madawati ya shule yanangojwa na mizinga imelipiwa nusu. Mwalimu mkuu amekwishaelezwa na amekubali kungoja. Wenye mizinga tutakwenda kuwaona sisi wenyewe nyumba kwa nyumba. Ufunguo wa karakana uko kwa mtunza stoo, na asiulizwe usiku.

Mwenye hoja tofauti aje nayo mkutanoni, aiseme wazi, asiisemee kwenye kilabu cha pombe. Kama ana njia ya kupata swichi bila kugusa fedha za rangi, tutamshukuru mbele ya wote.

Tumezoea kusema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi, ndugu zetu, mashine hii tumeirudisha kazini kwa tyubu ya baiskeli, kipande cha mpingo na nusu ya brashi. Tusiiruhusu sasa ichukue hata kile kimoja.

Mkutano ni Alhamisi baada ya saa za shamba. Kila mwanachama aje na kadi yake.

Kazi njema.

Katibu